Kibuyu cha Jumatano

Runzewe,
Jumapili, 2 Juni 2024

Kwa dada yangu Martina, Mama Blessing,

Shikamoo, dada. Salamu hii imekaa kinywani mwangu miaka miwili bila kupata wa kuipokea, ndiyo maana nimeitanguliza. Habari za Nyahanga? Shemeji hajambo? Blessing bado anaogopa kuku, au amekua? Ninaandika nikiwa nimekaa kwenye kile kigoda chenye ufa, ulichokuwa unakikalia ukichambua mchele. Mama hataki kitengenezwe. Anasema ule ufa ni wako.

Sisi huku ni wazima. Magoti ya Mama yanamsumbua asubuhi, jua likipanda anayasahau. Mvua zilikuwa nzuri mwaka huu, mpunga wa bondeni tumeuvuna wote na dengu zimeshika vizuri. Yule ng'ombe mwenye doa jeupe shingoni amezaa ndama jike. Mama amekataa kumpa jina mpaka uje umwone. Nilimwambia kwamba ndama hawezi kukaa bila jina, akanijibu kwamba mbona yeye amekaa bila binti.

Najua kwa nini hupokei simu zetu, dada, wala sikulaumu. Siku tulipomzika Mayala walisema mbele yako kwamba mayai yako ndiyo yaliyomuua mdogo wetu, na Baba mkubwa Mwigulu akakuzuia usitupe udongo kaburini. Barua hii ni kuhusu maneno hayo. Hayakuwa ya kweli. Nakuomba uisome mpaka mwisho, hata ukifika mahali utakapotaka kuichana.

Mimi machimboni niliacha. Tangu Novemba nafanya usafi kwenye maabara ya kituo cha afya hapa Runzewe. Nafagia, napiga deki, nachota maji, naosha vibao vya kushikia vichupa. Ni kazi ya kimya, na kimya chake kinanifaa. Dirisha letu linatazama mashariki, na asubuhi jua likiingia linapita katikati ya vichupa vya damu vilivyosimama kwenye kibao, ukutani kunatokea rangi ambazo sijui nizipe jina gani.

Hukuwahi kuona jambo hili, kwa hiyo nikusimulie. Damu ikitolewa mkononi na kuachwa itulie, haibaki ile tunayoijua. Wekundu wote unazama taratibu, kama matope ya lambo mvua ikikatika, na juu yanabaki maji ya njano, safi, ya rangi ya samli iliyoyeyuka. Mara ya kwanza nilidhani mtu amesahau mafuta ya alizeti kwenye kichupa. Mtaalamu wetu wa maabara, dada mmoja anaitwa Agnetha, alinikuta nimeinama mbele ya kibao na ufagio mkononi. Akasema, "Wewe Msukuma, unaitazama damu kama unachagua ng'ombe wa mahari." Nikamwuliza maji yale ni ya nini. Tangu siku hiyo ananifundisha kidogo kidogo, kila anaposubiri mashine imalize kuzunguka.

Alinieleza kwamba ndani ya maji yale zimo protini ambazo jicho halizioni. Nyingi zinatengenezwa na ini, na ini linazitengeneza kutokana na tunachokula. Iliyo nyingi kuliko zote inaitwa albumini. Nilipomwuliza kazi yake alicheka, akasema ingekuwa rahisi zaidi kuuliza kazi ambayo haifanyi. Inayashika maji ya mwili yasitoke kwenye mishipa yakaenda kutuama miguuni. Inabeba vitu huku na huku. Na bakteria wakiingia kwenye jeraha wakaanza kutoa sumu, albumini na wenzake ni miongoni mwa wanaokutana na sumu hiyo mapema kabisa.

Hapo niliacha kufagia, dada. Nilivuta kiti.

Mimi nilikuwa nadhani bakteria anauma, kama siafu. Agnetha akasema wengine hawana haja ya kuuma. Wanatema sumu, na sumu inakwenda ndani ya damu mbali na wao wenyewe, ikifika kwenye chembe ya mwili inaishika na kuitoboa. Lakini njiani inakutana na zile protini. Zipo zinazoikumbatia sumu mpaka isibaki na mahali pa kushikia. Zipo zinazoliharibu umbo lake, kama ufunguo uliopinda usioweza tena kuingia kwenye kufuli. Zipo zinazowagandia bakteria wenyewe, ili chembe nyeupe zikipita ziwatambue na kuwameza. Nikamwuliza nani anazifundisha kazi hiyo. Akasema hakuna. Ugonjwa unafundisha mwili, na chanjo inafundisha, lakini hizi tunazaliwa nazo, na hazisubiri kuonyeshwa adui. Ndiyo maana tunajikwaa na kujichoma kila siku na bado tunaishi.

Nilitoka kazini siku ile nikitembea kama mtu aliyebeba ndoo iliyojaa. Nilikuwa naogopa kumwaga. Niliwaza kwamba ndani yangu, wakati nasalimiana na watu sokoni, kuna umati unaopita kimya ukikumbatia sumu ambazo sitazijua kamwe. Nilimkumbuka Mama akitutoa miiba miguuni tukitoka machungani, wewe, mimi na Mayala, tumekaa mstari mmoja na nyayo zetu zimeelekea kwake. Hakuwahi kuuliza mwiba umetoka wapi. Aliushika tu na kuutoa. Mayala alikuwa anacheka kabla hajaguswa, unakumbuka? Mwiba wenyewe haujaguswa, yeye anacheka.

Sasa nije kwenye karatasi. Siku ya msiba nilipewa majibu ya hospitali, nikayakunja nikayatia ndani ya kitabu changu cha sala. Miaka miwili nilikuwa nakifungua kitabu kwa uangalifu ili nisifike ukurasa ule. Mwezi wa pili mwaka huu nikampelekea Agnetha ile karatasi. Aliisoma akiwa amesimama, halafu akakaa akaisoma tena. Akanionyesha mstari ulioandikwa albumini. Mbele yake ilikuwa kumi na tisa, na mshale mdogo unaotazama chini. Akasema mtu mzima anatakiwa awe na thelathini na tano au zaidi. Hakunipa pole. Aliniuliza swali moja tu: ndugu yako alikuwa anakula nini?

Dada, ninyi mnaojua kulia mngelia. Mimi nilianza kumhesabia vyakula kwa vidole, na kidole cha tatu kikakosa cha kuhesabu.

Unajua yaliyotokea kwenye duara lile, shimo letu la dhahabu, lakini acha niyaandike upya, maana nataka kuyaona kwenye karatasi. Kwa mdomo yalionekana ya kawaida. Vijana walipofika futi tisini chini na mwamba ukaanza kuonyesha ule mstari wa kijivu ambao wachimbaji wanaupenda, George, msimamizi wa duara, alileta mganga. Mganga akaweka mwiko kwa wote wanaoshuka. Wasile nyama, samaki, mayai wala maziwa, wala chochote chenye pumzi au kilichotoka kwa chenye pumzi, mpaka dhahabu ionekane. Hata kunde na maharage alikataza. Alisema vina macho, na vingeuona mwamba kabla ya wenyewe kuuona. Watu walitikisa vichwa kama wamesikia jambo la busara. Mimi nilikuwa nashika kamba juu ya duara, sikuwa nashuka, kwa hiyo mwiko haukunihusu. Nikaona ni jambo dogo. Wiki mbili, tatu.

Ikawa miezi mitano. Ugali wa muhogo na mlenda, mchana na jioni. Asubuhi michembe, vile viazi vikavu, na chai ya rangi. Mdogo wetu, aliyezaliwa mwaka wa njaa hata akaitwa Mayala, alikuwa anafunga njaa katika mwaka wa neema, na ghala la Mama limejaa.

Wewe ndiye uliyeliona. Ulikuwa unawapikia pale kwenye kibanda chako cha mabanzi, na kila siku ulikuwa unachemsha yai moja, unalimenya, unalizika katikati ya tonge la Mayala. Mpaka George alipokuta maganda kwenye jivu la jiko lako. Nakumbuka alivyoyabeba kwenye kiganja akizunguka nayo kambi nzima, akisema, "Njooni mwone! Mama Blessing anatulea kama vifaranga!" Watu wakacheka, lakini kwa sura zisizocheka. Wiki ile ile mstari wa kijivu ukapotea ndani ya mwamba, na hakuna aliyecheka tena. Wakakubomolea kibanda. Ukarudi Nyahanga kwa shemeji na sufuria zako kichwani, na Mayala akiwa kazini chini duarani, hajui.

Baada ya wewe kuondoka miguu yake ilianza kujaa. Ukibonyeza juu ya kifundo, kidole kilikuwa kinaacha shimo. Na uso ukajaa pia. Dada, tulifurahi. George alisema dawa imempokea, inamnenepesha. Wenzake wakawa wanamtania, wanamwita Mheshimiwa, eti amepata mwili wa kikao. Mimi pia nilimwita hivyo. Nilimwambia Mama kwamba mwanawe amenenepa. Agnetha alipolisikia hilo aliweka kalamu chini. Akaniambia yale hayakuwa mafuta. Yalikuwa maji, yametoka kwenye mishipa kwa kuwa albumini ya kuyashika ilikuwa imepungua.

Halafu tindo likamteleza, likamkata mguuni, chini kidogo ya goti. Kidonda kidogo, urefu wa kidole. Tulikifunga kitambaa na akashuka tena duarani. Siku ya nne mguu ulikuwa mwekundu mpaka pajani na mwili unachoma. George akasema tungoje, kwa kuwa damu ikitolewa hospitali kabla ya dhahabu kuonekana mwamba utakufa kabisa. Tukangoja siku mbili nyingine. Nilingoja na mimi, niliyekuwa nashika kamba. Hospitali walimpokea vizuri na kuhangaika naye siku tatu. Daktari alisema ni sumu ya bakteria, imeenea kwenye damu.

Nilimwuliza Agnetha kama chakula kingemwokoa. Nilitaka aseme ndiyo au hapana, akakataa yote mawili. Alisema homa kali ya namna ile yenyewe inaishusha albumini, kwa hiyo ile kumi na tisa si ya njaa peke yake. Alisema kwa kidonda kile na kuchelewa kule, hata aliyeshiba angeweza kufa, na kwamba mtu wa maabara hapimi yale ambayo yangekuwa. Lakini akasema jambo moja bila kusitasita, na nimeliandika kwenye daftari kama alivyolitamka: hakuna yai lililomdhuru kijana huyu, na kama kulikuwa na kitu chochote kilichokuwa kinaisaidia damu yake kupambana, ni yale mayai.

Basi, dada, hilo lako limekwisha. Lichukue, ni mali yako. Sasa nifike kwenye langu.

Ulipokuwa Nyahanga hukukata tamaa. Ulinipigia simu ukaniambia kwamba kila Jumatano utamtuma Mageni, yule dereva wa gari la mizigo la mzee Liaquat, aniletee hapa Runzewe kibuyu cha maziwa ya mgando, na mimi nimpelekee Mayala kwa siri. Ukasema mimi ni mtu mpole, hakuna atakayenishuku. Kibuyu kilikuja, kimefungwa kwa kitambaa cha buluu kilichokuwa gauni la Blessing. Jumatano ya kwanza nilikificha ndani ya koti na kwenda nacho machimboni. Nilipofika tu, kabla sijamwona Mayala, chini kukasikika mlio. Mti mmoja wa kuzuia ukuta ulikuwa umevunjika, na jiwe la ukubwa wa beseni likaanguka mahali alipokuwa amekaa punde tu. Alitolewa ametapakaa vumbi, anacheka kile kicheko chake cha kabla ya mwiba. Mimi nilikuwa nimesimama na kibuyu kwapani. Nilikisikia kina baridi kwenye mbavu zangu, nikajua, au nilidhani najua, kwamba ni mimi niliyeleta jiwe lile.

Sikumpa. Nilikwenda nyuma ya karasha, ile mashine ya kusaga mawe, kwenye kile kichuguu kikubwa chekundu, nikamwaga. Maziwa yalikaa juu ya udongo kidogo, meupe kabisa, halafu udongo ukayanywa. Nikakisuuza kibuyu na kumrudishia Mageni. Jioni ukanipigia, na nikakuambia amekunywa yote na anashukuru, anasema wabeja sana.

Jumatano kumi na moja, dada. Zote nilizimwaga pale. Siafu walikuwa wameshaijua siku. Na kila Jumatano nilikupa salamu kutoka kwake. Ile ya kwamba maziwa yako yana harufu ya moshi wa nyumbani, niliitunga mimi. Ile ya kwamba akipata dhahabu atakununulia kitenge chenye picha za ndege, niliitunga mimi nikiwa nakisuuza kibuyu. Hakuwahi kuyasema. Najua umekuwa ukiyakumbuka, kwa sababu siku ya msiba, kabla hawajakufukuza, nilikusikia ukiwasimulia wanawake habari ya kitenge cha ndege, nikatoka nje.

Liko baya kuliko hayo. Wiki ya sita au ya saba aliniuliza, hivi dada amenisusa? Mbona hatumi hata salamu? Nikamwambia una shughuli nyingi. Akachukua michembe yake akaenda kukaa peke yake.

Sikufanya kwa chuki, wala kwa tamaa ya dhahabu. Nilimpenda. Nilikuwa juu na kamba mikononi, na kila aliposhuka nilikuwa namwona anakuwa mdogo, kisha anakuwa taa tu, kisha hata taa haionekani, na nilikuwa tayari kufanya lolote ili ile taa irudi. Nilidhani nailinda. Kumbe nilikuwa naimwaga. Na siku ya kumzika, waliponyoosha kidole kwako, nilikuwa nimeshika koleo, nikainama na kuendelea kufukia kana kwamba sisikii.

Nimeshamwambia Mama. Nilimwambia mwezi wa tatu, asubuhi, akiwa anakamua. Hakugeuka. Aliendelea kukamua mpaka mwisho, halafu akanipa kata ya maziwa akaniambia ninywe pale pale mbele yake, yote. Nikanywa. Mpaka leo kila asubuhi ananipa ile kata na kusimama kunitazama. Sijui kama ni adhabu au ni nini, na sijamwuliza.

Baba mkubwa Mwigulu nilimwambia mbele ya ukoo, siku ya kupanga ujenzi wa kaburi. Kwanza alifoka, akasema siku hizi wafagizi wa hospitali wanajifanya madaktari. Nikamsomea maneno ya Agnetha kwenye daftari. Akaniuliza kama nina hakika kwamba vibuyu vyote kumi na moja nilivimwaga, hata kimoja sikumpa. Nikasema hata kimoja. Akavua kofia yake na kuizungusha mikononi kwa muda mrefu, halafu akasema mbele ya watu wote kwamba alimzuia mtu mwenye haki na udongo. Alisema atakuja mwenyewe Nyahanga kukuomba. Nilimwomba anipe nafasi nitangulie kwa barua, kwa sababu kosa la kwanza ni langu.

Kaburi limejengwa wiki iliyopita. Limesakafiwa vizuri, na msalaba umeandikwa jina lake na mwaka. Lakini Mama alimwamuru fundi aache tundu upande wa kichwani, upana wa mfuniko wa sufuria, udongo wenyewe uonekane. Fundi alilalamika sana. Alisema hajawahi kujenga kaburi lenye dirisha, na kwamba watu watamcheka. Mama akamwambia wakimcheka awalete kwake. Tundu lipo mpaka sasa. Pembeni yake nimeweka mfuko wa saruji na ndoo imefunikwa, na kila jioni nikitoka kazini napita kufagia majani yasiingie. Litafungwa mkono wako ukishapita. Hata ukija baada ya mwaka, litakukuta liko wazi.

Nimekupa salamu kumi na moja za uongo. Nina moja tu ya kweli, na nimeificha muda wote huu kwa sababu nisingeweza kukupa bila kukueleza mengine. Ilikuwa siku ya pili hospitalini, mchana, homa ilikuwa imemwachia kidogo na akili yake imetulia. Aliniambia alikuwa anajua habari ya mayai tangu siku ya kwanza. Alikuwa akilibonyeza tonge kwa kidole, akikuta gumu katikati anageuka na kuwapa wenzake mgongo, anainua uso juu na kutafuna polepole, nao wakadhani anasali. Walikuwa wanamheshimu kwa hilo. Alicheka mpaka nesi akaja. Kisha akasema nikikuona nikuambie hivi, na haya ni maneno yake, sijayaongeza wala kuyapunguza: "Mwambie dada mayai yake hakuwahi kuyatia chumvi. Hata siku moja."

Msalimie shemeji, mbusu Blessing, umwambie ndama anangoja jina. Barua hii anakuletea Mageni, na nimemwomba asisubiri jibu. Ukija, pitia nyumbani kwanza, Mama atakuwa mlangoni. Kama hutataka kuniona nitakuwa kazini, hutanikuta. Ila ukiinama pale kwenye tundu na kuutia udongo wako, ukishamtaja Mayala, nakuomba na mimi unikumbuke.

Ni mimi mdogo wako,
Pantaleo